Ugonjwa Wenye Wageni

Tarehe 8, mwezi wa tisa

Tumelazwa. Naandika "tumelazwa" kwa sababu mama hulazwa pamoja na mtoto wake, ingawa kitanda ni kimoja na mimi nalala chini kwenye mkeka. Aaron wangu ana miaka sita. Tangu mwezi wa saba shavu lake la kushoto linavimba, na sisi tulidhani ni jino. Tuling'oa moja, kisha la pili, shavu likaendelea tu. Leo Dokta Rodrigue amemshika taya, amemmulika mdomoni kwa taa ya simu, halafu akaniita mlangoni.

"Madame Régine, hii haiko jino. Ni kanseri ya watoto, tunaiita lenfoma. Iko mingi sana huku kwetu. Dawa yake tunaijua. Usilie mbele ya mutoto."

Sikulia. Nilimuuliza nani atashika darasa langu la tano pale Nyakasanza, kwani masomo yameanza wiki jana tu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi kwenye msiba.

Floribert, mume wangu, ameenda kuona ng'ombe. Katika ukoo wao kila shida huanza hivyo, mwanaume anaenda kuona ng'ombe.

Tarehe 11

Mvua tangu mchana. Jirani wetu wa kitanda anaitwa Dorothée, yuko na binti yake Ketsia mwenye miaka tisa. Walikimbia vita upande wa Djugu, sasa wanakaa kambini, kwenye vibanda vya turubai nje ya mji. Mume wake alienda kuchimba dhahabu kule Kilo, tangu hapo hakuna simu wala salamu. Ketsia ana uvimbe kwenye mkono wa kuume, juu ya kiwiko, mkubwa kama chungwa. Walikuja na sufuria moja na vitenge viwili.

Nimewapa bugali na sombe ya majani ya muhogo, nimewaazima beseni letu. Dorothée ananiita madame, anaposhukuru anainama kidogo. Leo nimejisikia kuwa mtu mwema.

Tarehe 13

Mvua. Aaron amekunywa uji.

Tarehe 20

Dawa ya kwanza imeingia kwa serumu, ile chupa inayodondoka mshipani. Aaron ametapika mpaka macho yamekuwa mekundu. Nilitoka nje kulia, niliporudi nilimkuta Dorothée amemshika kichwa kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine, anamwimbia kwa lugha yao. Sasa ananiita Mama Aaron. Ketsia amemfundisha Aaron kuchora ndege kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kuume unamuuma.

Tarehe 23

Shavu limepungua! Dokta alisema dawa yake wanaijua, na kweli wanaijua.

Tarehe 26

Majibu ya Ketsia yamefika. Kipande cha nyama yake kilipelekwa Kinshasa, na kutoka Kinshasa kikapelekwa Ulaya. Dokta Rodrigue ameingia asubuhi akiwa na madaktari wawili na wanafunzi, karibu wote wanatabasamu. Wakasema kwa Kifaransa kwamba ni kanseri ambayo ni adimu sana, cas rare, na kwamba hapa kwetu hawajawahi kuiona. Wakapiga picha mkono ule kutoka upande wa kulia, wa kushoto, wa mbele. Hortense, mkubwa wa wauguzi, akawafungulia pazia mwanga uingie. Ketsia alikaa pale kama bibi-arusi.

Aaron naye akainua shavu lake. Aligeuka upande wao, akanyoosha shingo kabisa ili waone vizuri. Wakapita.

Hilo sitalisahau.

Tarehe 28

Siku ya yenga. Padri amepita kutuombea baada ya misa ya Jumapili. Dorothée aliomba kwa sauti, kwa lugha yao, na katikati nikasikia jina la Aaron. Mimi niliomba kimya. Jina la Ketsia sikulitaja.

Tarehe 2, mwezi wa kumi

Dokta Rodrigue amekuja kutuambia kwa nini watu wanahangaika na mkono ule. Ugonjwa wenyewe unapata watoto wachache mno. Hata inchi kubwa, taifa zima, anasema, kwa mwaka inaweza kupata wawili tu, na kwa watoto wawili hakuna daktari anayeweza kujua dawa ipi inafaa. Kwa hiyo inchi nane zimeungana. Zimeweka pesa pamoja na wagonjwa pamoja, na yetu imo, kupitia hopitali moja ya Kinshasa. Dokta wa kule atakuja mwenyewe kumweleza Dorothée kila kitu, akikubali wataondoka kwa ndege.

"Na Aaron?" nikauliza.

"Aaron iko na ugonjwa ya kawaida, madame."

"Ya kawaida njo haina pesa?"

"Ya kawaida dawa yake iko. Paka kuinunua."

Paka kuinunua. Ni kuinunua tu, eti. Floribert ameshauza ng'ombe mmoja, leo amepata mnunuzi wa yule mweupe.

Tarehe 3

Ketsia ameletewa godoro jipya.

Tarehe 4

Chandarua. Cha Ketsia.

Tarehe 6

Mayai na maziwa ya kopo, yametoka kwa watu wa mradi, ya Ketsia. Dorothée akamenya mayai mawili akampelekea Aaron. Nikasema Aaron hapendi mayai. Aaron akaniangalia.

Tarehe 9

Dawa ya pili ilikuwa ya jana. Haipo. Famasi ya hopitali haina, za mjini hazina, na malori yamekwama njia ya Komanda, mvua upande mmoja na watu wenye bunduki upande mwingine. Shavu limeanza kurudi. Najua kwa kuwa nalishika kila saa, mpaka Aaron amenikataza.

Jioni nilimfuata Dokta Rodrigue kwenye korido.

"Dokta, muingize Aaron mu ile mradi."

"Haiwezekani. Ugonjwa yake haiko ile."

"Andika tu kama njo ile. Nani atajua?"

Alivua miwani. "Madame, unaniomba niandike mutoto yako iko na ugonjwa mbaya kuliko ile iko nayo. Unasikia kitu unasema?"

Nilisikia. Niliporudi chumbani Ketsia alikuwa amelala juu ya godoro lake jipya, mdomo wazi, na mimi nikasimama pale nikimtazama. Nitaandika nilichowaza, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Niliwaza: mtoto huyu ana bahati gani, watu wa inchi nane wanajua jina lake. Na niliwaza pia: kwa nini yeye? Mama yake hajui hata kuandika jina lake. Mimi nimelea watoto wa watu darasani miaka kumi na moja, baba yake Aaron hajawahi kunyima mtu maziwa. Wivu niliwahi kuusikia zamani, kwa nguo au kwa mchumba wa mwenzangu. Huu wa sasa nausikia tumboni kama njaa.

Tarehe 12

Malori bado. Mvua bado.

Tarehe 14

Amekuja. Dokta Arielle Mbuyi, mwanamke wa rika langu, viatu vyake vyeupe vimejaa tope jekundu la Bunia. Anajua Kifaransa na Lingala, Kiswahili hajui hata salamu. Dokta Rodrigue angemtafsiria, lakini alfajiri waliletwa majeruhi kutoka barabarani, na yeye na Hortense wako chumba cha upasuaji tangu hapo. Dokta Arielle akauliza kama kuna mama anayejua Kifaransa. Wote wakaninyooshea kidole.

Tulikaa watatu kwenye benchi la nje, chini ya bati, mvua ikipiga kiasi kwamba ilibidi tusogeleane. Dokta alisema pole pole, akiniangalia mimi kisha Dorothée. Naandika hapa maneno yake yote, kama nilivyotakiwa kuyasema.

"Mwambie kwanza kwamba sina hakika. Hatujui kama dawa hii itamponya. Tutamkata kipande kingine cha nyama, labda zaidi ya mara moja. Atatapika, nywele zitaanguka, na mara chache dawa inadhuru moyo. Hata mkono unaweza kukatwa."

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, nilichukua muda, nilitafuta neno sahihi la kila kitu. Kwenye kukatwa mkono nilionyesha kwa kiganja changu mahali penyewe.

"Sasa mwambie," dokta akaendelea, "kwamba bila matibabu uvimbe huu utaingia mapafuni. Hilo tunalijua. Mwambie kwamba katika inchi nyingine watoto walioanza mapema, zaidi ya nusu uvimbe wao umepungua. Hatalipa kitu, wala ndege, wala chakula, wala nyumba. Atakaa na mtoto wake siku zote, na mtoto atasoma palepale. Na mwambie yuko huru. Anaweza kukataa, anaweza hata kutoka katikati, hakuna atakayemkasirikia."

Dorothée alikuwa akiniangalia mdomo. Nikasema:

"Anasema uko huru. Unaweza kukatala. Hakuna mutu atakasirika."

Dokta Arielle akasubiri. "Ni hayo tu?"

"Kiswahili ni kifupi," nikamwambia. Akacheka.

"Wanaweza kata mukono?" Dorothée akauliza.

"Wanaweza."

"Na hawajue kama atapona?"

"Hawajue."

Akasokota ncha ya kitenge. Kisha: "Mama Aaron, ingekuwa weye, ungepeleka Aaron?"

Ningempeleka Aaron kwa miguu mpaka Kinshasa. Ningempeleka leo, na mvua hii.

"Mimi ningebaki," nikasema.

Dorothée akamgeukia dokta, akatikisa kichwa, akasema aksanti kwa heshima. Dokta Arielle hakubishana. Alisema nafasi itamngoja mpaka tarehe 24, baada ya hapo itapewa inchi nyingine, na akaniachia namba yake ya simu, mimi, mkalimani.

Sikusema uongo. Maneno yote niliyosema yalikuwa kweli, isipokuwa lile la mwisho.

Tarehe 15

Malori yamefika, dawa ya pili imeingia. Nimelala vizuri.

Tarehe 17

Watu wa mradi hawaleti tena mayai. Ketsia aliuliza kwa nini, mama yake akamwambia kuku wamechoka. Dokta Rodrigue amekuja mara mbili kumsihi Dorothée, na mara zote mbili Dorothée amejibu, "Madame alinielezea yote." Dorothée anamwogopa dokta, hamsikilizi mpaka mwisho. Amesema kando, "Ule dokta alicheka siku alipoona mukono ya mutoto yangu. Weye hukucheka."

Leo, nilipokuwa nimelala, amefua nguo zote za Aaron.

Nimemuuliza Dokta Rodrigue, kama anayeulizia habari za mvua, ikiwa nafasi iliyoachwa inaweza kupewa mtoto mwingine wa hapa. Inapewa mwenye ugonjwa ule ule, akasema, na aliye karibu yuko ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo sikumpokonya Ketsia kitu ili nimpe Aaron. Nilipokonya tu.

Tarehe 20

Shavu limeshuka kabisa. Asubuhi Aaron aliomba bugali, akatafuna kwa pande zote mbili, na Dorothée akapiga vigelegele mpaka Hortense akaja mbio akidhani kuna aliyekufa. Alimbeba Aaron, akacheza naye katikati ya vitanda. Mkono wa Ketsia umekuwa mkubwa zaidi wiki hii, ngozi inang'aa. Huku nyuma binti alikuwa akitupigia makofi kwa kujipiga pajani kwa mkono ule mzima.

Baadaye tulikaa kwenye mkeka wangu.

"Mama Aaron, nikuambie kitu, usikasirike. Nilikuwa na wivu juu yenu."

"Wivu? Ya nini?"

"Siku mulifika, dokta alikuambia, dawa yake tunaijua. Nilikuwa nasikiliza. Mimi nilikuwa hapa wiki tatu, hakuna mutu aliniambia ile neno. Usiku nilikuwa najiuliza, juu ya nini mutoto ya ule madame iko na ugonjwa yenye watu wanajua, na ya kwangu hapana? Sasa naona Aaron anakula. Wivu imeisha. Nimebaki na furaha tu."

Niligeukia ukuta. Alidhani nimeguswa, akanipigapiga mgongoni.

Tarehe 21

Wamerudi kambini. Dorothée alisema kama ni kungoja, atangojea kwao. Alinirudishia beseni, amelisugua kwa majivu linang'aa.

Tarehe 22

Aaron anauliza Ketsia yuko wapi. Kitanda cha kando kimepewa mama mwenye mtoto wa malaria. Siwezi kuandika.

Tarehe 23

Nimeenda.

Nilimwachia Hortense Aaron, nikachukua moto, pikipiki ya abiria. Dereva hakutaka kufika kambini kwa sababu ya tope, akanishusha chini ya kilima, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Kati ya vibanda vile vyote vyeupe niliulizia mama wa msichana mwenye mkono, na kila mtu alijua ni nani. Nilimkuta Dorothée anachimba mfereji maji yasiingie ndani. Aliponiona aliacha jembe.

"Aaron?"

Kitu cha kwanza alichouliza ni Aaron.

"Aaron iko muzima. Nimekuya juu ya Ketsia. Mama Ketsia, sikukuambia yote."

Tuliingia ndani. Ketsia alikuwa amelala, mkono juu ya mto wa nguo. Nikamweleza mama yake nilichofanya. Nilimwambia dokta alisema vitu viwili, vibaya na vizuri, na mimi nilimpa vibaya peke yake. Nilimwambia sababu: godoro, mayai, wageni, picha, na shavu la Aaron ambalo hakuna aliyelitazama. Nikisema kwa mdomo vilikuwa vitu vidogo sana. Nilisikia aibu zaidi kwa udogo wavyo.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango, mfereji haujaisha. Nikanyoosha mkono kumshika.

"Usinishike, madame."

Nikarudisha mkono.

"Sema sasa," akasema. "Sema yote, kama ule dokta alisema. Usitoe, usiongeze. Vibaya na vizuri."

Nikasema. Nilianza na vibaya tena, kila kimoja, kisha nikasema vizuri. Nilipofika kwenye mapafu, akafumba macho. Nilipofika kwenye watoto ambao uvimbe ulipungua, aliniuliza: "Ni wangapi walipungua? Wote?" Nikasema si wote, zaidi ya nusu. "Na mimi nitakaa naye? Hawataniweka mbali?" Utakaa naye. "Na nikitaka kutoka?" Utatoka. "Na kule Kinshasa wanajua Kiswahili?" Hilo sikujua, nikasema sijui. Aliuliza mambo ambayo siku ile hakuuliza kwa kuwa sikumwachia mlango wa kuyauliza.

Mwishoni akasema, "Kesho njo tarehe 24?"

"Kesho."

"Piga simu."

Mtandao haukamati kambini. Tulishuka kilima wote watatu, yeye akiwa na Ketsia mgongoni, binti mrefu kiasi kile, miguu inaning'inia. Nilisema nimsaidie kubeba. Akaongeza mwendo.

Tulipofika hopitali, kwa Hortense, nikapiga; Dokta Arielle alipokea mara ya tatu. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba mama amekubali. Nikamwambia pia kwa nini alikuwa amekataa, kwamba kosa ni langu.

"Mpe simu Hortense," akasema. "Nataka anieleze yule mama anachosema. Si wewe."

Nikampa.

Tarehe 24

Jina la Ketsia limeingia. Zilibaki saa chache.

Tarehe 30

Wameondoka na ndege ya asubuhi. Niliwaona getini wakipanda gari la hopitali. Ketsia alimkumbatia Aaron kwa mkono wa kushoto. Dorothée aliagana na Hortense, na mama wa malaria, na mfagiaji. Kwangu alisema, "Ubaki vizuri, madame," kama mtu anayemwambia mwalimu wa mtoto wa mwingine.

Tarehe 5, mwezi wa kumi na moja

Dawa ya tatu. Aaron ametapika kidogo tu. Nilishika beseni mwenyewe.

Tarehe 12

Dokta Rodrigue ameingia uso umekunjamana. Moja ya zile inchi nane imejitoa, serikali yake imebadilisha mawazo kuhusu kupeleka pesa nje. Nilimuuliza Ketsia itakuwaje kabla hajamaliza sentensi. Walioingia tayari wataendelea, akasema, zile saba zimejikaza. Lakini hakuna mtoto mpya atakayepokelewa mpaka pesa nyingine zipatikane.

Mwezi mmoja nyuma habari hii ingenipa furaha ya siri. Leo nilimfanya dokta aniambie mara mbili kwamba Ketsia ataendelea. Wiki tatu zaidi na mlango ungefungwa, na aliyeushika ni mimi.

Tarehe 18

Mvua ya mawe. Mabati ya darasa langu yameruka, ameniambia Floribert. Hakuna aliyeumia.

Tarehe 25

Wamemkata Ketsia mkono.

Dokta Rodrigue aliniita ofisini kwake kuniambia, akafunga mlango. Uvimbe ulikuwa umeshika mfupa. Upasuaji ulienda vizuri, mapafu ni safi, na madaktari wa inchi zote saba walikaa kwenye mkutano wa video kwa ajili yake peke yake kabla ya kuamua. Alisema hilo kwa fahari, kisha akakumbuka anaongea na nani.

"Dokta. Kama wangeondoka siku ileile, tarehe 14. Mukono ungepona?"

Alichezea kalamu.

"Sijui, madame."

"Sema ukweli. Nitaubeba."

"Ukweli njo huu. Sijui. Dokta Arielle hajue, wazungu hawajue. Pengine ungepona. Pengine ulikuwa umeshashika mfupa tangu mwezi wa nane. Kama tungejua siku kumi zinafanya nini mu ugonjwa hii, tusingehitaji inchi nane."

Nilitaka aniambie ndiyo, au aniambie hapana. Nilitoka bila kitu. Jioni Floribert alikuja kututazama, akasema niache kujitesa, hata dokta amesema si kosa langu. Dokta hakusema hivyo. Nilimwambia hivyo, na tukagombana, mara ya kwanza tangu Aaron augue.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na mbili

Dawa ya mwisho. Tumerudi nyumbani. Jirani wamejaa uani, wamechinja mbuzi, kila mtu anamshika Aaron shavu. Naye anageuza uso, amechoka kushikwa. Nilicheka na kula na watu. Nilipokuwa naosha masahani nikajiuliza nani anamwosha Ketsia nywele, kama zimebaki.

Tarehe 7

Nimempelekea Dorothée ujumbe wa sauti kupitia simu ya Dokta Arielle. Sikuomba kitu. Nilimwambia Aaron amerudi nyumbani na anachora ndege kila mahali, hata ukutani. Hakuna jibu.

Tarehe 10

Hakuna.

Tarehe 14

Siku ya yenga. Tulikuwa tumetoka misa, napika maharage, simu ikalia, namba ya Kinshasa.

"Madame." Ilikuwa sauti ya Dorothée. Nyuma yake niliwasikia watoto, na redio inayoimba kwa Lingala.

"Mama Ketsia. Muko namna gani?"

"Tuko. Ketsia anaandika na mukono ya kushoto, mwalimu wa hapa anamusifu." Akashusha sauti. "Usiku analia mukono wenye haiko. Anasema vidole vinamuuma. Ulijua ile inawezekana?"

"Hapana. Sikujua."

"Mimi pia." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo: "Kuko mama hapa. Pesa zimepatikana ya watoto wawili, mutoto yake njo wa kwanza. Wametoka Kindu. Anajua paka Kiswahili, na Dokta Arielle anataka kumuelezea leo. Ule mutafsiri wao amesafiri. Dokta aliniuliza kama najua mutu, Lingala kidogo nimeshaanza kuelewa."

"Na weye ukasema?"

"Nilisema kuko mutu moja. Dokta akakatala. Nikamuambia, ule mutu mimi najua vile anadanganyaka, nitasikia."

Nilizima jiko. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Wakaweka simu kwa sauti kubwa, Dokta Arielle akanisalimu kwa ubaridi, akaanza. Alisema sentensi moja moja, akisubiri kila mara nimalize. Nilitafsiri kuhusu nyama watakayokata, kutapika, moyo, kiungo kinachoweza kukatwa. Nilitafsiri kuhusu mapafu, na watoto waliopata nafuu, na wale ambao hawakupata. Nilitafsiri ndege, nyumba, chakula, masomo, uhuru wa kukataa. Yule mama wa Kindu aliuliza maswali kwa sauti nyembamba, na mimi nikayapeleka yote kwa Kifaransa, hata lile la kipumbavu kuhusu nyama iliyokatwa inazikwa wapi, ambalo dokta alilijibu kwa makini kabisa.

Tulipomaliza, nilisikia Dorothée akimwambia mwenzake pale pembeni:

"Usikubali bado. Muulize tena tangu mwanzo. Uone kama atasema vile vile."

Yule mama akasita. Akaniomba radhi. Akaniuliza tena tangu mwanzo.

Nikasema yote mara ya pili, bila kukimbia, mpaka mwisho. Mwishoni Dorothée akasema, "Ni vile vile." Si kwangu, kwa yule mama. Nikamsikia akisogea, benchi likilia, na sauti yake ikiwa chini sana, ile aliyokuwa akimwimbia nayo Aaron siku ya serumu ya kwanza, akimweleza mwenzake wapi pa kupata maji ya moto, muuguzi yupi ana mkono mwepesi, namna ya kumshika mtoto kichwa akitapika. Walisahau kukata simu. Niliendelea kusikiliza, maharage yakipoa, mpaka salio lao likaisha.

Nilimwonea wivu yule mama wa Kindu, kwa kuwa alikuwa na Dorothée kando yake.